Umeme wa wawekezaji hautatupa pa kuhamia

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ianze kukubaliana na wawekezaji binafsi juu ya kuzalisha umeme wa jua hapa Unguja, barzani kumezuka tafsiri moja inayonitia mashaka. Watu wanasema ZECO, shirika letu la umeme, sasa imepata mwenzake. Anayechoshwa na bei atahama, kama anavyohama laini ya simu, na hapo ndipo shirika litakapojua kuwa mteja ana thamani. Jamaa zetu walioko Uingereza wanaitia chumvi tafsiri hiyo. Hututumia sauti kwenye WhatsApp wakihadithia walivyobadilisha kampuni ya umeme kwa dakika chache, wamejilaza kitandani, wakaokoa pauni kadhaa kwa mwaka. Mimi yangu ilitoka kwa mpwa wangu anayeishi Northampton. "Mjomba," ananiambia, "nyie huko mnalipa mnachoambiwa kwa sababu hamna pa kuhamia."

Kuhusu pa kuhamia, amesema kweli. Kuhusu sababu ya bei, nadhani amekosea, na wengi wetu tumekosea pamoja naye. Mwekezaji atakayejenga mtambo wa jua atamuuzia umeme ZECO. Wewe na mimi hatatuuzia. Mteja atabaki na mita ileile ya Tukuza ya kulipia kabla, tokeni zilezile na bei itakayopitishwa na ZURA, msimamizi wa maji na nishati Zanzibar. Na hata tungekuwa na kampuni tano zinazogombea mita zetu, sehemu ya gharama ambayo ushindani huo ungeigusa ni ndogo kuliko tunavyodhani. Pesa ambayo familia ya Zanzibar inaweza kuiokoa imekaa mahali pawili: kwenye masharti ya mikataba ambayo ZECO inanunulia umeme, na jikoni. Ya kwanza haizungumzwi kwa sababu makaratasi yamo makabatini. Ya pili haizungumzwi kwa sababu wanaume waliokaa barzani wanaiona ni habari ya wanawake.

Tuanze na hiyo Uingereza yenyewe, maana ndiko mfano unakotolewa. Soko la umeme wa majumbani lilifunguliwa kule kati ya mwaka 1998 na 1999. Kampuni zilizoingia hazikusimamisha nguzo wala kuchimba mitaro. Waya unaoingia nyumbani kwa mpwa wangu ni wa kampuni ya mtandao ya eneo lake, na kampuni hiyo haina mshindani. Anapohama, hakuna fundi anayekuja kukata huku na kuunga kule. Linalobadilika ni jina la yule anayemnunulia umeme kwenye soko la jumla na kumletea bili. Ndani ya bili hiyo mna bei ya jumla ya umeme, gharama ya nyaya, tozo za sera za serikali na kodi, na mkiani kabisa mna gharama za ofisi na faida ya muuzaji. Wauzaji wanashindania huo mkia, pamoja na ustadi wa kununua mapema kabla bei ya jumla haijapanda.

Ushindani huo ulileta unafuu, sitaki kuubeza. Lakini ulimpa unafuu anayehama, na kwa kiasi fulani uligharamiwa na asiyehama: wazee, wagonjwa, watu wasio na intaneti, waliobaki na kampuni ileile mwaka hadi mwaka bila kujua kuwa jirani anatozwa kidogo. Hali ilifika hadi Januari 2019 msimamizi wa sekta, Ofgem, akaanza kuweka kikomo cha bei ili kuwanusuru hao waliobaki. Kisha mwaka 2021 bei ya gesi ikapaa duniani, na kampuni karibu 30 zikaanguka moja baada ya moja, ikiwemo Bulb iliyokuwa na wateja zaidi ya milioni 1.5. Wateja wa kampuni zilizokufa waligawiwa kwa zilizo hai, na gharama ya kuwahamisha ikasambazwa kwenye bili za watu wote, hata wale ambao hawakuwahi kuzisikia. Mwaka uliofuata serikali ikalazimika kuingia yenyewe na kuahidi kuwa nyumba ya matumizi ya kawaida isilipe zaidi ya takriban pauni 2,500 kwa mwaka. Siku hizo mwenye kutaka kuhama hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa hakuna kampuni iliyotoa bei ya chini ya kikomo. Texas nako, ambako soko lilifunguliwa mwaka 2002, kulikuwa na kampuni ikiitwa Griddy iliyowauzia watu umeme kwa bei ya jumla ya saa hiyohiyo. Miaka ya raha ilikuwa rahisi kweli. Ilipokuja dhoruba ya barafu ya Februari 2021, familia zikaletewa bili za maelfu ya dola kwa siku chache tu, na kampuni ikafilisika.

Kwa hiyo mpwa wangu anaposema ameokoa, namwamini, ila aliokoa katika mwaka mzuri. Kuhama kampuni kunakupa nafuu bei ya jumla inapotulia, na inapochafuka kunakuacha na mzigo uleule wa wenzako.

Sasa turudi nyumbani, tuulize sisi bei yetu ya jumla inatoka wapi. Zanzibar si mgeni wa umeme. Beit el Ajaib lililojengwa mwaka 1883 linahesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kuwashwa taa za umeme katika pwani hii yote. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 sasa tumeishi kwa waya wa baharini. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni, Dar es Salaam, hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Pemba ilibaki na majenereta ya dizeli ya Wesha hadi mwaka 2010, ilipofikishiwa waya wa megawati 25 kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Wa pili wa Unguja, wa megawati 100, ulikuja chini ya mkataba wa MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, uliomalizika mwaka 2013. Umeme wenyewe unatoka kwa TANESCO, shirika la umeme la Bara, katika gridi ambayo sasa inabebwa kwa sehemu kubwa na gesi asilia na Bwawa la Julius Nyerere la Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. ZECO ni msambazaji. Ananunua huko, anaupitisha baharini, anaushusha Fumba, anaugawa.

Aliyekuwapo hapa kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea waya mmoja. Miezi mitatu Unguja ilikaa gizani, na mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo tulikuwa tumeshaonja mwezi mzima. Pampu za maji zilisimama pamoja na taa. Nakumbuka ndoo zilivyopangwa foleni kwenye visima vya Kikwajuni kabla ya adhana ya alfajiri, na mji mzima ukinguruma kwa majenereta madogo. Wakati ule kila mtu alikuwa na "kampuni" yake ya umeme barazani, na ndio umeme ghali kuliko wowote tuliowahi kuununua.

Halafu kuna deni. Machi 2017, Rais John Magufuli aliitaka TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu, Zanzibar ikiwemo, na deni lililotajwa lilizidi shilingi bilioni 120. Rais Ali Mohamed Shein akajibu kuwa ikibidi, Wazanzibari watarudi kwenye vibatari. Watu walicheka, wengine wakaona fakhari. Nyuma ya maneno yale palikuwa na mvutano mkavu wa kihesabu: TANESCO iiuzie ZECO kwa bei gani, na kodi ya VAT iliyokuwa ikitozwa juu ya mauzo hayo ni halali kwa nani, ilhali umeme si jambo la Muungano na Zanzibar ina mamlaka yake ya kodi? Baadaye sheria ilirekebishwa na mzigo wa VAT kwenye umeme unaovuka bahari ukaondolewa. Marekebisho hayo ya sentensi chache yaligusa gharama ya kila yuniti inayoshuka Fumba. Barzani sikumbuki kuisikia habari hiyo ikizungumzwa hata mara moja.

Wanaotaka kampuni ya pili wana hoja, na nyengine nzito. Iliyo nzito zaidi ni ya huduma. Shirika lisilo na mshindani halina haraka. Simu ya dharura inaweza kulia bila kupokewa, nguzo iliyooza ikasubiri mpaka ianguke, na maombi ya kuungiwa yakalala. Hoja hii siipingi. Tiba yake, hata hivyo, ni msimamizi mwenye meno. ZURA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013 ili isimamie maji na nishati, na sisi tumeijua zaidi kwa tangazo la bei ya petroli la kila mwezi. Bei ya petroli ikipanda shilingi 50 mji mzima unajua kabla ya adhuhuri. Je, saa za umeme kukatika Micheweni kwa robo mwaka iliyopita, nani anazijua? Kama ZURA ingetangaza kila mwezi muda wa kukatika umeme kwa kila wilaya, kwa namna ileile inavyotangaza mafuta, ZECO ingekuwa na kitu cha kuionea haya, na hiyo ni nusu ya kazi ambayo mshindani angeifanya.

Hoja ya pili ni ya simu. Mbona Zantel ilipoingia mwaka 1999, zikafuata nyengine, gharama zikaporomoka? Ulinganisho unavutia lakini haushikani. Kampuni ya simu husimamisha mnara wake, na minara minne inaweza kukaa mtaa mmoja bila kugombana. Nyaya za umeme hazirudufiki hivyo. Hakuna mwenye akili atakayepitisha mstari wa pili wa nguzo kutoka Mkokotoni hadi Nungwi ili amnyang'anye ZECO wateja wa njiani. Wote wangetumia waya uleule, umeme uleule wa Fumba, na soko la watu wasiofika milioni 2. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu 1,889,773. Kampuni tano zingekuwa na ofisi tano, wakurugenzi watano na magari matano ya mkurugenzi, na anayelipa ni yuleyule mwenye mita. Hata Bara, ambako watu ni zaidi ya mara 30 yetu, mpango wa mageuzi uliopitishwa mwaka 2014 wa kuigawa TANESCO katika uzalishaji, usafirishaji na usambazaji ulitakiwa ukamilike ifikapo mwaka 2025. TANESCO bado ni moja.

Dhaifu kuliko zote ni hoja inayosikika zaidi: jua ni bure, kwa hiyo umeme wake utakuwa rahisi. Jua ni bure kama samaki wa baharini alivyo bure. Mpaka umpate, unahitaji ngalawa, wavu, mafuta na barafu. Mtambo wa jua unajengwa kwa mkopo, na mkopo wa namna hiyo mara nyingi ni wa dola. Umeme wake unatoka mchana, wakati sisi matumizi yetu yanapanda baada ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani hali ni hiyo na zaidi, kwa sababu kuna daku, saa kumi usiku, jua likiwa bado liko upande wa pili wa dunia. Ndiyo maana mradi wa ZESTA wa kuimarisha sekta ya nishati Zanzibar, unaogharamiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 142, umeweka betri pamoja na mtambo wa jua. Betri ndiyo inayougeuza umeme wa mchana kuwa umeme wa futari, na betri ina bei yake.

Nisieleweke kuwa napinga jua. Megawati 180 za awamu kwa awamu zinazotajwa kwa wawekezaji wa Unguja, zikijengwa kweli, zitatupa kitu ambacho waya wa bahari hautupi, yaani umeme uliozaliwa hapahapa. Ninachosema ni kuwa bei yake itaamuliwa na mkataba, na hapo tuna somo la karibu. Mwaka 1995 TANESCO ilisaini mkataba wa miaka 20 na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, kwa mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito pale Tegeta. Mkataba uliweka malipo ya utayari: mtambo uwake usiwake, mnunuzi alipe kila mwezi kwa sababu mtambo upo. Ugomvi juu ya malipo hayo uliishia kwenye akaunti ya Escrow, yaani ya kutunzia fedha zinazogombaniwa, na kashfa ya mwaka 2014. Bara iliongeza mzalishaji binafsi, na mteja wa LUKU hakuona ahueni. Mikataba ya jua kwa kawaida ni tofauti, hulipwa kwa yuniti zilizozalishwa, na hilo ni jema. Lakini ina mitego yake midogo. Bei imeandikwa kwa shilingi au kwa dola? Inapanda kila mwaka kwa asilimia ngapi? Gridi ikishindwa kupokea umeme siku ya matumizi madogo au siku ya hitilafu, mwekezaji analipwa kwa yuniti alizokuwa tayari kuzalisha? Nani anabeba gharama ya betri? Majibu ya maswali haya manne yataamua bei ya tokeni kwa miaka 20 au 25, muda mrefu kuliko umri wa ubunge wa yeyote. Ningependa kuwasikia Wawakilishi pale Chukwani wakiyauliza kabla ya saini, na ZURA ikiweka bei ya kila mkataba hadharani ili mtu ailinganishe na bei ya umeme wa Fumba.

Sasa jikoni, ambako kwa maoni yangu ndiko kuhama kwa kweli kunakowezekana, leo, bila kumsubiri mwekezaji.

Nyumba ya kawaida ya mjini Unguja ina wauzaji wa nishati watatu au wanne bila kujijua. Kuna muuza mkaa wa makopo pale pembeni, kuna mtungi wa gesi, kuna mita, na shamba kuna kuni, makumbi na vifuu. Sehemu kubwa ya nishati inayoliwa nyumbani inakwenda kwenye sufuria. Taa na simu ni visingizio tu. Taa tano za LED za wati 9 zikiwaka saa tano hazifikishi robo ya yuniti, wakati zile balbu za zamani za wati 60 zingekula yuniti moja na nusu. Friji la mtumba lenye mpira uliochoka ni balaa jengine, lakini hilo kila fundi atakwambia. Chungu ndicho kinachostahili hesabu.

Kilo moja ya gesi, ukitoa joto linalopotea pembeni mwa sufuria, inafikisha kwenye chakula joto la takriban yuniti saba za umeme. Jungu la presha la umeme, kwa kuwa limefunikwa na limezungushiwa kinga ya joto, linapoteza kidogo sana. Kwa hiyo yuniti nane ndani yake zinafanya kazi ya kilo ya gesi. Mtungi wa kilo 15 basi ni sawa na yuniti 120 hivi. Chukua bei uliyojazia mtungi mara ya mwisho, igawe kwa 120. Ukipata shilingi nyingi kuliko unavyonunulia yuniti ya Tukuza, umeme unaishinda gesi. Ukipata chache, gesi inaushinda umeme. Kwa koili ya kawaida inayowekewa sufuria juu, gawa kwa 150, kwa sababu joto jingi linakwenda dirishani. Mkaa nao, kwenye seredani ya kawaida, unahitaji kilo nne hadi tano kufanya kazi ya kilo moja ya gesi. Pima kopo lako kwenye mizani ya muuza samaki, utastaajabu kilo moja ya mkaa wa makopo unailipia kiasi gani.

Hesabu hiyo haiwi moja kwa vyakula vyote, na hapa ndipo watoa elimu ya nishati safi wanapopoteza watu. Maharage, mbaazi, pweza, supu ya ng'ombe na boko boko ni vyakula vya saa nyingi, na jungu la presha linavimaliza kwa sehemu ndogo ya muda na nishati. Chapati hazipikiki humo. Mkate wa kumimina unataka moto chini na makaa juu ya kifuniko, na bibi yeyote wa Wete atakucheka ukimwambia auhamishie kwenye umeme. Kwa hiyo ninaposema kuhama sina maana ya kutupa seredani. Nina maana ya kuvihamisha vile vyakula vitatu vinne vinavyokula nishati nyingi, na kuacha vyengine mahali pake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, umetangulizwa machoni mwa watu kwa mitungi ya gesi inayogawiwa kwenye mikutano. Mtungi wa kwanza wa bure ni mzuri. Wa pili ndio mtihani.

Maana tatizo la gesi ni umbo la malipo yake. Haiuzwi kwa kopo. Mama anayepata elfu tano kwa siku kwa kuuza mihogo hawezi kuweka pembeni bei ya mtungi mzima, hata kama mwisho wa mwezi mkaa umemgharimu zaidi. Si ujinga huo. Ni mtiririko wa fedha mkononi. Na hapa Tukuza ina sifa ambayo hatuitaji vya kutosha, kwamba umeme wa kununua kabla unagawanyika kama mkaa. Unaweza kununua wa elfu moja kwa simu, ukapikia leo. Mkaa umekuwa ukishinda kwa sababu unakubali pesa ndogo, na mshindani pekee anayekubali pesa ndogo kama yeye tayari amebandikwa ukutani.

Basi kwa nini watu hawapikii umeme? Wengine wanahofia kukatika, na wana haki; ndiyo maana nikasema saa za kukatika zitangazwe. Lakini kwa wapangaji wa mjini kuna kizuizi kikubwa kuliko hicho, nacho ni mita moja. Shangazi yangu anaishi Jang'ombe katika nyumba ya vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila Jumamosi wanachanga sawa kwa sawa, mwenye feni na mwenye friji na mwenye balbu moja. Mwaka jana mwanawe alimletea jungu la umeme kutoka Dubai. Alilitumia siku nne. Siku ya tano mpangaji wa chumba cha nyuma akauliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, eti nani anapikia hela za wenzake. Jungu limo kabatini, limefunikwa kitambaa, na shangazi amerudi kwenye kopo.

Shangazi yangu hakosi kampuni ya pili ya umeme. Anakosa mita yake, au angalau mita ndogo ya kuhesabia chumba chake, ile ambayo fundi anaifunga kwa nusu saa. Wenye nyumba hawaifungi kwa sababu si wao wanaogombana Jumamosi. Kanuni ndogo ya ZURA na serikali za mitaa, kwamba nyumba inayokodishwa kwa familia zaidi ya mbili iwe na mita ndogo kila chumba, ingefungua nafasi ya kuhama nishati kwa maelfu ya watu wa Jang'ombe, Kwahani, Mwembeladu na Machomanne. Gharama yake ni ndogo mbele ya mtambo wowote wa jua. Hakuna utepe wa kukata, labda hiyo ndiyo kasoro yake.

Kuna kundi moja ambalo kweli linaweza kuihama ZECO, na tulitazame kwa jicho pevu: hoteli. Hoteli ya Paje au Nungwi ikiezeka paa kwa sola na kuweka betri, inapunguza ununuzi wake wa mchana. Ni haki yake. Lakini nguzo zinazofika Paje hazipungui gharama, na hoteli ni mteja mkubwa aliyekuwa akichangia sana gharama hizo. Akipungua, mchango wake unasogezwa kwa waliobaki, yaani mama wa mihogo. Afrika Kusini imeshafika hapo. Baada ya miaka ya mgao, wenye uwezo wakaezeka sola, mapato ya manispaa yakayumba, na Julai 2024 shirika la umeme la Johannesburg, City Power, likaanza kuwatoza wateja wa kulipia kabla randi 200 kila mwezi, wanunue umeme wasinunue. Likitufika hapa, gharama itaangukia pia kwa mpangaji wa balbu moja. Bei ya mahoteli yanayobaki yameungwa kama akiba ya usiku na siku za mawingu iangaliwe tangu sasa: walipe ada ya kubaki wameungwa, kwa ukubwa wa waya wanaoshikiliwa, kisha yuniti watumie watakavyo.

Nilimtumia mpwa wangu sauti ya dakika saba, nikamweleza haya kwa ufupi, nikamalizia kwa kumuuliza kama anaweza kununua mita ndogo sita mtandaoni na kumpa mtu anayekuja likizo azibebe. Amesema atatazama bei. Mwenye nyumba ya Jang'ombe bado hajakubali kutoboa ukuta.